Aiskrimu za sikukuu zenye pombe kali: ulionja ramu au ulionja jina? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam.

Kila Krismasi ikikaribia friza za maduka hujaa makopo yenye majina ya kilevi: ramu na zabibu, wiski na karameli, brandi na kungumanga. Miaka yote nilikuwa napita tu. Safari hii nikasema nami nisipitwe, nikabeba ya ramu na zabibu, nikaifungua nikiwa bado nimesimama jikoni.

Kijiko cha kwanza, vanila. Cha pili, vanila na sukari nyingi. Cha tatu nikakutana na zabibu, nikaitafuna, ndipo kitu kikanipanda puani kama mtu kafungua chupa chumba cha pili. Zabibu ikaisha, na harufu ikaondoka nayo. Hapo ndipo nikageuza kopo kusoma maandishi madogo: "ladha ya ramu". Ladha! Ramu yenyewe haikuwemo.

Sasa nyie mlioonja, mlikutana na pombe au mlikutana na jina lake? Leteni visa vyenu, vya kuambiwa na jirani hatuvitaki.

Mpishi wa Jumapili
Mleta mada, mimi hayo ya jina yalinichosha, nikatengeneza mwenyewe. Viini sita vya mayai, maziwa, krimu, sukari, kungumanga nikaikuna hapo hapo. Nikapika kwa moto mdogo mpaka ukashika mgongo wa mwiko, nikauacha upoe. Mpaka hapo nilikuwa fundi. Kisha nikaionja ramu, nikaona vijiko viwili ni ubahili, nikamimina kikombe kizima kwenye mchanganyiko wa lita moja.

Jioni nikaweka kwenye friza. Asubuhi, uji. Saa sita mchana, uji, na wageni wako mlangoni. Nilikuwa nimesahau jambo la darasani kabisa: friza ya nyumbani inafika nyuzi 18 chini ya sifuri, na pombe tupu haigandi mpaka 114 chini ya sifuri. Ukiizidisha, mchanganyiko mzima unagoma. Nikawamiminia kwenye glasi. Wakasifu kinywaji, nami sikumsahihisha mtu.

Siku hizi ni vijiko vitatu vya mezani kwa lita, basi. Kwa kiasi hicho pombe inakuwa rafiki: aiskrimu inatoka laini, unaichota bila kupinda kijiko. Na zabibu lazima zilale kwenye ramu usiku kucha. Zabibu kavu ikiingia hivi hivi inageuka kokoto, utavunja jino la mtu siku ya sikukuu.

Bint Kimya
Mimi kilevi situmii kabisa, dini yangu hairuhusu. Kwenye sherehe moja niliwekewa bakuli, nikauliza, nikajibiwa kwamba pombe yote iliisha ilipopikwa. Nikala vijiko viwili, kooni pakawaka.

Mwenyeji hakuwa na nia mbaya, alisema alichokiamini. Lakini nilipomuuliza aliipikaje, akasema alipika maziwa na mayai, yakapoa, ndipo akatia brandi. Sasa hiyo pombe iliisha saa ngapi? Hata angeichemsha nusu saa, karibu theluthi yake ingebaki. Wapishi, naomba mtuambie kabla kijiko hakijafika mdomoni. Nikijua mapema nakula keki, na hakuna atakayenuna.

Mchokozi
Mimi nilimaliza kopo zima nikisubiri kulewa. Nililala, lakini ni shibe.

Mwaka wa Nne
Niliacha pombe, huu ni mwaka wa nne. Kisa changu hakina kuonja. Mke wangu aliletewa aiskrimu ya wiski, akaninyooshea kijiko bila kufikiri, kama anavyofanya na kila kitu kitamu. Ilikuwa ya baridi, lakini harufu ilifika kwanza, na mate yakajaa mdomoni kabla sijaamua lolote. Nikasema nimeshiba, nikaenda kuosha vyombo, hata visivyokuwa vichafu. Aliponiona naosha sufuria safi akaelewa. Kopo lile sikuliona tena.

Wale mnaosema "ni aiskrimu tu", sawa. Kwangu mimi si tu.

Bint Kimya
Mwaka wa Nne, hongera ndugu yangu. Kweli kabisa.

Ulimi Mzito
Mleta mada, kabla hujalilaumu kopo, ulikula likiwa limetoka kwenye friza saa hiyo hiyo? Baridi kali hufisha ulimi. Mimi naiacha mezani dakika kumi, ianze kulegea pembeni. Ya wiski niliyoonja hivyo ilinipa karameli kwanza, kisha kitu kama moshi, joto likaja mwisho kabisa nikiwa nimeshameza.

Mleta mada
Mrejesho. Nimefanya dakika kumi kama Ulimi Mzito alivyosema. Utamu umezidi, vanila imezidi, ramu iko pale pale: haipo. Kopo nimewaachia walaji wa vanila.

Jana usiku nimeloweka zabibu zangu kwenye ramu halisi, zimevimba vizuri. Mpishi wa Jumapili, zinachujwa au zinaingia na maji yake?

Mpishi wa Jumapili
Chuja, mkuu. Na hayo maji ukitaka kuyatia, yapime ndani ya vile vijiko vitatu. Usinifuate kwenye kikombe.