Wiki 28, akiba laki moja na nusu: nianze kununua nini?

Kijacho_Mbagala
Habari zenu wadau. Mimba ina wiki 28, tuna laki na nusu mkononi na kila wiki tunaongeza elfu tano, basi. Khanga kuukuu zipo doti nne. Nianze na nini? Na nepi za kitambaa zitatosha, au masika zitaniumbua?

Mkunga_Mstaafu
Hongera mama. Begi la kujifungulia kwanza, liwe tayari wiki ya 34. Orodha iulizie kliniki yako, vituo vinatofautiana. Mara nyingi ni pamba, mpira wa kulalia, vibana kitovu, nyembe mpya, glovu, pedi kubwa na khanga safi kama tano. Wengi hukosea kwenye glovu, wanabeba zile za boksi. Za kuzalishia ni zile za upasuaji, zimefungwa jozi moja moja kwenye karatasi. Nauli ya usiku itenge, isiguswe hata ugali ukiisha.

Cherehani_Moja
Nepi zinatosha, doti zako mbili tu zinamaliza kazi. Upande mmoja wa khanga ni kama sm 150 kwa 110. Kata vipande vya 50 kwa 55, vinatoka sita. Pande nne, nepi 24. Mtoto mchanga hubadilishwa mara 8 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo una akiba ya siku mbili.

Khanga peke yake hainyonyi. Katikati weka kipande cha taulo la mtumba, sm 15 kwa 40, ila usikishonee. Kikiwa huru kinakauka upesi.

Kwenye kufua ndiko watu wanakoharibu. Choo kitoe kwa maji baridi, ya moto yanagandisha doa. Za mkojo zisilale kwenye ndoo yenye mfuniko, zitanuka hadi macho yawashe. Sabuni ya mche inatosha, suuza maji matatu: vipele vingi ni sabuni iliyobaki. Dawa ya kulainisha nguo achana nayo, inafunika nyuzi na nepi inagoma kunyonya.

BabaK
Na masika?

Cherehani_Moja
Anika ndani, kisha piga pasi pande zote mbili, hata ya mkaa. Pasi hiyo si ya urembo. Kuna inzi anayetaga kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake huingia kwenye ngozi. Usiku mvishe pampasi moja ukiweza, upumue.

Mkunga_Mstaafu
Poda, mto, beseni la dukani: ruka. Mto ni hatari, unaweza kumziba pumzi. Kopo la maziwa "la tahadhari" nalo liache, miezi 6 ni ziwa la mama tu. Hela hiyo nunua dagaa na maharage ule wewe. Chandarua ulizia kliniki kabla ya kwenda dukani.

Kijacho_Mbagala
Nguo je?

Cherehani_Moja
Mtumba, pamba, za miezi 3 hadi 6. Kunja mikono. Za "mchanga" zinambana ndani ya wiki chache.