Naombeni ushauri: kamera ya MiniDV inatoa picha ya miraba miraba

Wakuu, habari za leo. Nina kamera ya video ya kanda ndogo za MiniDV, niliinunua mtumba mwaka 2009 nikawa narekodi harusi hapa Tanga. Sasa nataka kuhamishia kanda 14 kwenye kompyuta kabla hazijaoza, nikianza na ile ya harusi ya marehemu dada.

Shida ni kwamba nikicheza, picha inakatika miraba miraba na sauti inapotea, inatulia kama sekunde kumi, halafu inaanza tena. Hata kanda mpya niliyorekodi juzi inafanya hivyo, kwa hiyo nashuku hedi (kile kichwa kinachosoma kanda), si kanda. Nilipofungua mlango niliona ungaunga wa kahawia kwenye rola. Imekaa kabatini miaka, na unyevu wa huku pwani mnaujua.

Fundi mmoja kasema nisugue hedi kwa pamba na spiriti. Nimegoma, pamba inaacha nyuzi. Kanda ya kusafishia nimeulizia madukani, wananitazama kama naulizia santuri.

Halafu waya wa USB unatoa picha za mnato tu. Video inataka FireWire, waya wa aina nyingine wa kuhamishia video ya dijitali, na laptop yangu haina tundu lake. Nafasi kwenye diski ninayo, kanda ya saa moja ni kama GB 13.

Je, nitafute kompyuta ya mezani ya zamani niichomeke kadi ya FireWire, au nitumie waya wa AV (ule wa analogi wa kuunganishia TV) nikubali ubora upungue? Na hiyo hedi niisafishe vipi bila kuiua?