Injini mpya ya petroli cc 20: izoeshwe stendini au hewani?

Njiro_Propela
Wakuu, habari za jioni. Nimepata injini ya petroli cc 20, tu-stroki, ya kufunga kwenye ndege ya mfano. Miaka yote nimerusha za umeme, petroli ndiyo kwanza naanza. Mmoja kaniambia niifunge stendini niichomee lita tano nzima kabla haijaonja ndege. Mwingine anasema washa, weka kabureta sawa, rusha. Na kwenye oili ya kuchanganya na petroli nako hawaelewani. Nyie mnafanyaje? Niko Arusha.

Pasua_Fundi
Stendi, mkuu, wala usifikirie mara mbili. Injini mpya ikizima juu ya migomba unashukia wapi? Mimi nilichoma matanki kumi, petroli 25 kwa oili 1, oili ya kawaida isiyo sinthetiki. Dakika kumi inanguruma, naizima mpaka silinda ishikike kwa mkono, narudia.

Mzee_wa_Sakina
Matanki kumi ni kuchoma petroli bure. Ringi ya pistoni hailali kwenye silinda kwa sababu injini imenguruma muda mrefu. Inalala kwa sababu gesi ya mlipuko inapita nyuma yake na kuisukuma ibane ukuta, na injini ikiwa sailensa (inanguruma taratibu bila kuongezwa mafuta) gesi hiyo haina nguvu. Ikalishe sailensa nusu saa na mafuta mengi uone: plagi imelowa, ekzosi inatema oili, ringi iko vile vile. Inataka mzigo, na inataka kupanda na kushuka. Halafu stendini haipati upepo zaidi ya ule wa propela yake, wakati hewani inapozwa muda wote inaotembea.

Mimi stendini ni tanki moja, likizidi mawili. Naangalia inashika sailensa bila kuzima na inapokea mafuta bila kusita. Kisha narusha kwa nusu nusu, skrubu ya H (ya kabureta, inayopima mafuta ya mwendo wa juu) nimeifungua kidogo kuliko inavyotaka, na moto wote naipa sekunde chache tu kisha napunguza. Yangu ilitulia kwenye lita ya sita hivi. Ikishatulia utajua mwenyewe: sailensa inapanda bila kuguswa, na ukizungusha propela kwa mkono (swichi imezimwa jamani) inabana kuliko siku ilipotoka kwenye boksi.

Pasua_Fundi
Shikamoo mzee. La ringi nimekuelewa. Lakini ya kwangu ilizima raundi ya pili tu, bolti za ekzosi zimelegea zote mbili. Nilikusanya mbawa kwenye mfuko wa sandarusi.

Mzee_wa_Sakina
Marahaba. Pole, ila hiyo ni kesi ya bolti. Tanki la kwanza likiisha, injini ikipoa, kaza kila kitu upya. Stendi kazi yake ndiyo hiyo.

Dada_Plagi
Kwenye oili: anza na ya kawaida, sinthetiki ije baadaye. Sinthetiki inateleza vizuri mno, na ringi mpya inahitaji kusuguana kidogo. Nenda duka la vifaa vya kilimo uulize oili ya chenso, soma kopo, iwe imeandikwa JASO FC au FD, ndivyo viwango vya oili ya tu-stroki. Ya injini za boti, TC-W3, iache dukani hata kama ni bei poa. Ile ni ya injini inayopozwa na maji, hii yako inapozwa na hewa.

Kupima usikisie. Nunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa. Mabomba mawili kwa lita moja ya petroli ni 25 kwa 1. Ukija kuhamia 40 kwa 1 ni bomba moja na robo, na hapo rudi kwenye skrubu, kwa sababu oili imepungua na petroli inayopita imeongezeka. Plagi ikiwa rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeupe, simamisha kabisa.

Kiboriloni_Juu
Mbona hakuna aliyetaja mwinuko? Arusha mko kama mita 1,400, sisi Moshi hatufiki hata 1,000. Injini niliyoiweka sawa kwetu, huko Arusha inakuwa na mafuta mengi kidogo, inakohoa tu basi. Balaa ni kinyume chake. Ukiweka H ya Arusha ukashuka nayo Moshi, hewa ni nzito zaidi, mafuta yanapungukiwa, na injini bado mpya. Kabla ya kuwasha huku fungua H kama dakika tano za mshale wa saa, halafu sikiliza.

Njiro_Propela
Nimerudi. Nimekwenda na njia ya mzee, oili ya dada. Tanki la kwanza nimechomea nyuma ya nyumba, propela ya inchi 16x8, stendi nimeipigilia kwenye gogo la mgrivea. Jirani kaja getini kuuliza nani anakata miti Jumapili. Imezima mara tatu, ya nne ikashika. Baada ya kupoa nimepitisha spana: bolti moja ya ekzosi imekubali robo mzunguko. Pasua_Fundi, nilikukumbuka. Plagi bado nyeusi nyeusi, H sijaigusa. Kabla ya kurusha nauliza: kibali cha TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) mnaombaje, na kuna uwanja gani ulio mbali na Kisongo? Kule ndege za kweli zinashuka kila saa, sitaki kesi.