Pete ya ndoa imelika na kidole kimevimba: iyeyushwe, au kuna njia nyingine?

Baba Neema, Kigoma

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua, masonara hasa, na walioishi na ndoa muda mrefu.

Pete ni ya mke wangu, ya mwaka 1994. Haina jiwe. Upana milimita 3, ndani ina mhuri wa 750 (yaani karati 18), na karibu na mhuri kuna herufi za majina yetu na tarehe. Mizani inasoma gramu 2.1. Upande wa juu unene bado ni milimita 1.1, lakini upande wa kiganja imelika hadi 0.6, ukiibana kwa vidole inapinda. Kipenyo cha ndani ni 16.5. Fundo la kidole limevimba kwa baridi yabisi, kwa hiyo sasa inakaa kabatini.

Sonara mmoja anashauri iyeyushwe, iongezwe dhahabu, ipigwe upya. Mwingine anasema nunua mpya, hii uiuze kwa uzito. Mama watoto anasema ikiyeyushwa siyo ile tena. Je, inaweza kukuzwa na kupewa nguvu ikabaki ile ile? Na baraka ya kanisani inakuwaje pete ikiingia motoni? Nataka nimfanyie bila yeye kujua, iwe zawadi.

Sonara wa Isevya, Tabora

Baba Neema, shikamoo. Usiyeyushe, na usiuze. Mama watoto amesema kweli kabisa, na hata sisi wa kazi hii tunapaswa kumsikiliza kabla ya kuwasha moto.

Pete ya zamani ina vitu vitatu: dhahabu yenyewe, umbo lake, na maandishi. Ukiyeyusha unabaki na dhahabu tu. Tarehe imekwenda, ule ulaini wa kingo ambao miaka yote hii imeutengeneza umekwenda, na pale palipolika kwa kufuata mkono wake pamekwenda. Anayeuza kwa uzito hata dhahabu hana.

Kinachofaa kwa pete yako ni kubadilisha upande wa chini tu. Kuikata na kuchomeka kipande kidogo cha kuongeza ukubwa hakutoshi, kwa sababu kiungo kitakaa kwenye dhahabu nyembamba ya 0.6 na kitakatika hapo hapo, pengine mwaka haujaisha. Kuitanua kwa kuigonga kwenye fimbo ya chuma inayochongoka ndiyo usikubali kabisa: kila inapopanuka inakonda zaidi.

Kwanza pima kidole. Chukua kipande cha karatasi chenye upana wa milimita 3 au 4, kizungushe kwenye fundo lenyewe, siyo chini yake, weka alama ncha zinapokutana, kisha pima kwa rula. Fanya jioni mkono ukiwa na joto la kawaida, rudia siku mbili tatu. Asubuhi kwenye baridi kidole husinyaa ukapata kipimo cha uongo. Tuseme karatasi inasoma milimita 57. Pete yako ya sasa mzunguko wake wa ndani ni karibu 52 (16.5 mara 3.14). Kwa hiyo pengo ni milimita 5.

Sonara ataikata sehemu mbili upande wa kiganja, pale unene unapoanza kushuka chini ya 1, atoe kipande kilicholika, tuseme cha milimita 15. Mahali pake ataweka kipande kipya cha 750 chenye urefu wa milimita 20, yaani 15 iliyotoka na 5 ya kukuza. Kwa upana wa 3 na unene wa 1.5, kipande hicho kina uzito wa karibu gramu 1.4. Sehemu ya juu yenye maandishi haiguswi na tupa wala nyundo. Moto ataupeleka chini, na juu ataweka kitambaa kilicholowa.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Kile kipande kilichotolewa, karibu gramu 0.4, ni chenu. Kwa kidole chenye fundo kubwa, pete inayopita fundoni itazunguka hovyo ikishafika chini. Dawa yake ni vipele viwili vidogo vya dhahabu vinavyolehemiwa ndani, upande wa kiganja, kila kimoja kushoto na kulia. Vinaishika pete isizunguke, na wakati wa kuvaa unaiinamisha kidogo inapita. Mwambie sonara avitengeneze kwa kile kile kipande cha zamani. Kimoja chenye kipenyo cha milimita 2 hakifiki gramu 0.1. Kinachobaki kichanganywe kwenye kipande kipya kabla hakijafuliwa. Hapo hakuna dhahabu ya 1994 iliyotoka mkononi mwake, na ile iliyokuwa imechoka ndiyo itakayoishika pete.

Mama Shukuru, Ujiji

Naunga mkono, ila hilo la kumshtukiza liache. Mwenye pete ndiye anayejua ni nini ndani yake kinachomgusa. Wapo wanaopenda maandishi. Wapo wanaopenda ule mkwaruzo fulani, wakiona pete inang'aa kama ya dukani wanajisikia wamepewa ya mtu mwingine. Mwambie kabla, na mwambie sonara asiing'arishe sehemu ya zamani bila yeye kukubali. Kung'arisha ni kusugua, na kusugua ni kupunguza dhahabu.

Hata kisheria haiko mikononi mwako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa alichopewa mwenzi ndani ya ndoa ni mali yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ipeleke yeye akiwa pembeni yako.

Mjue pia ilikolikia. Upande wa kiganja ndio unaoshika mwiko, mpini wa jembe, kamba ya ndoo. Kibaya zaidi ni kusugua masufuria kwa mchanga na majivu pete ikiwa kidoleni, maana mchanga unaila dhahabu kama msasa. Anayevaa pete mbili pamoja, ya uchumba na ya ndoa, nazo zinakulana pale zinapogusana. Na dawa ya kufulia yenye klorini inadhoofisha zile metali zilizochanganywa na dhahabu, pete za karati 9 ndizo zinazoumia zaidi. Kwa kazi hizo ivuliwe, iwekwe kwenye kikombe kimoja kila siku, siyo kwenye kona ya kanga. Kona ya kanga imepoteza pete nyingi kuliko wezi.

Katekista

Kuhusu baraka, Baba Neema, tulia. Kwetu Wakatoliki kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wawili, Kanuni ya 1057 ya sheria za Kanisa inasema hivyo. Pete ni ishara ya upendo na uaminifu. Ishara ikilika, ikipotea, ikikatwa, ndoa haijapungua kitu.

Lakini sisemi baraka haina maana. Pete ikishatengenezwa mpelekee paroko aibariki tena, ni jambo la dakika chache. Kama mna jubilei karibu, subirini siku hiyo. Adhimisho la kumbukumbu ya ndoa lina sala ya kubariki pete, iwe ni zile zile za zamani au mpya. Nendeni wote wawili na pete zote mbili, hata kama ya mume haijaguswa.

Mwalimu Rama, Tabora

Niongeze kwa ndugu Waislamu wanaosoma hapa, kwa sababu swali hili linakuja sana na linachanganywa. Pete siyo nguzo ya nikaha. Lakini inaweza kuwa mahari, na hapo uzito wake unabadilika. Mtume (S.A.W.) alimwambia mtu asiyekuwa na kitu atafute walau pete ya chuma. Kama pete ilitajwa kuwa mahari, ni haki ya mke peke yake, Sura ya An-Nisaa aya ya 4. Mume haiuzi, haiyeyushi, haibadilishi, ila kwa ridhaa yake aliyoitoa kwa moyo wake.

Na kwa mwanamume, dhahabu hairuhusiwi kuvaliwa, fedha inaruhusiwa. Kwa hiyo wanaotaka pete zinazofanana watengenezewe ya mke kwa dhahabu na ya mume kwa fedha, kwa upana mmoja na mchoro mmoja.

Baba Neema, Kigoma

Nimewaelewa, asanteni. Nimeshamwambia, na kweli anachotaka kibaki ni maandishi. Swali la mwisho kwa sonara: nitajuaje kwamba fundi wa huku anaweza hiyo kazi? Na nisimamie nini akiwa anafanya?

Sonara wa Isevya, Tabora

Muulize atalehemu kwa nini. Jibu sahihi ni lehemu ya dhahabu, ya karati ile ile au inayokaribiana sana. Akitaja risasi au bati, ile lehemu ya mafundi redio, ondoka. Kiungo hakitashika, na siku pete ikipata moto mkali risasi inaingia kwenye dhahabu na kuifanya ikatike kama biskuti. Baada ya hapo hakuna sonara atakayeitengeneza bila kukata sehemu kubwa.

Piga picha maandishi ya ndani kabla ya kuondoka nyumbani. Dukani pima pete mbele yako kwenye mizani inayosoma hadi gramu 0.01, aandike. Pima kipande kipya. Mwisho pima pete iliyokamilika pamoja na mabaki. Vumbi la tupa litapotea kidogo, hilo ni la kawaida, lakini nusu gramu kwenye kazi ndogo hii siyo vumbi. Na bakuli lake la kuyeyushia lisafishwe au liwe jipya, kwa sababu mabaki ya dhahabu za watu wengine hukaa humo na kuchanganyika na yenu.

Akiwa analehemu angalia mambo mawili. Viungo vikutane vizuri kabla ya moto. Ukivishika kwenye mwanga usione upenyo, maana lehemu haijazi pengo, inapita katikati ya nyuso zinazogusana. Na lazima atumie boraksi (unga mweupe wa kulehemea), bila hiyo uso wa dhahabu unakuwa mweusi na lehemu inajikunja kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Baada ya moto pete huingizwa kwenye tindikali nyepesi ya moto kutoa weusi. Akiitoa kwa koleo la chuma, pete inaweza kupata rangi nyekundu ya shaba. Hiyo haijaharibika, inasafishika, lakini inakuonyesha fundi mwenye haraka. Koleo liwe la shaba au la mti.

Rangi ya kipande kipya inaweza kutofautiana kidogo na ya zamani hata kama vyote ni 750, kwa sababu kiasi cha fedha na shaba kilichochanganywa hakilingani. Apime rangi kabla ya kukata.

Jambo jingine, kwa walio karibu na machimbo ya dhahabu kule Nzega na kwingineko: mkono ulioshika zebaki usiguse pete. Dhahabu inainyonya papo hapo na kuwa nyeupe. Ikitokea, mwambie sonara kabla hajaiweka kwenye moto, mvuke wa zebaki ni sumu na utamdhuru yeye na kila aliyemo dukani.

Msomaji, Mwanga Kigoma

Samahani kudandia. Na ile ambayo haijavuliwa miaka mingi na sasa imebana kabisa? Ya bibi, hataki ikatwe.

Mama Shukuru, Ujiji

Angalia kidole kwanza. Kikiwa cha bluu, au kimekufa ganzi, au kimevimba kwa jeraha, hakuna mjadala, hospitali leo hii.

Kikiwa cha kawaida, bibi aketi, mkono aunyanyue juu ya usawa wa moyo dakika 10, kisha autumbukize kwenye maji ya baridi dakika 5. Futa, paka mawese au maji ya sabuni kuanzia petini hadi ukuchani. Usivute moja kwa moja, izungushe huku ukisukuma kidogo kidogo, na mwingine arudishe ngozi nyuma kuelekea kiganjani.

Ikigoma, chukua uzi wa nailoni laini, nusu mita au zaidi. Pitisha ncha moja chini ya pete kuelekea kiganjani kwa msaada wa sindano butu. Upande wa ukucha, uzungushe uzi kidoleni kuanzia petini, duara kando ya duara bila kuacha nafasi, hadi upite fundo. Kisha shika ile ncha ya upande wa kiganja, ufungue uzi taratibu ukiuvuta kuelekea ukuchani. Pete itasogea hatua kwa hatua. Uzi usikae umebana zaidi ya dakika chache, na akisema inauma, fungua.

Ikishindikana, bibi aambiwe ukweli kwamba kukata siyo kuharibu. Ikatwe kwa msumeno mdogo wa kukatia pete, mahali pamoja tu, upande wa kiganja, mbali na maandishi. Fumba ncha kwa kitambaa isimchubue, iweke kwenye kibahasha, na sonara ataifunga kwa ukubwa mpya.