Tupeane uzoefu: Wakili wetu aliyekuwa afande, wewe unamkumbuka kwa lipi?

Karani wa zamani, Nakuru

Ndugu zangu, hamjambo. Familia ya marehemu inaandaa kijitabu cha kumbukumbu na wameniomba nikusanye hadithi za watu aliowahudumia. Mnamjua: yule wakili aliyetoka jeshini, ofisi yake karibu na mahakama za Nakuru, mzaliwa wa Butere lakini Nakuru ndiko alikokula chumvi nyingi. Jina naliacha kwa heshima ya wenyewe. Sifa za matangani tulizisikia siku ya mazishi, zinatosha. Nataka ulichokiona kwa macho yako.

Naanza mimi. Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano, wale wa redio, na redio haikumtoka hadi uzeeni. Akikupa agizo, usiseme "sawa". Anakutazama tu: "Rudia." Unarudia tarehe, nambari ya kesi, jina la hakimu, ndipo unaruhusiwa kutoka. Wateja waliosoma ndio waliokasirika zaidi. Mwalimu mkuu mmoja aliinuka kabisa aende zake, lakini alipobembelezwa akarudia, tarehe 21 ikatoka mdomoni mwake ikiwa 12. Akaketi.

Kila faili lilifungwa kwa uzi wa kijani, na karatasi ya kwanza ilionyesha nani kaingia, saa ngapi, kasema nini, kalipa ngapi. Karatasi hiyo aliiita daftari la zamu. Karibuni.

Mama wa Njoro

Mume wangu alifariki bila wosia. Kaburi halijakauka, shemeji akaleta mnunuzi wa shamba. Nilikwenda kwa wakili na cheti cha kifo nimekitia kwenye mfuko wa sukari. Sikuulizwa pesa kwanza. Niliulizwa hati miliki iko mkononi mwa nani.

Alimpigia shemeji simu, akamkaribisha ofisini kwa chai. Alipofika akamsomea kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, kwa Kiswahili, polepole: kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa, faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Shemeji akacheka, akasema hiyo faini si kitu mbele ya bei ya ekari. Mzee akammiminia chai nyingine. "Ndiyo maana nimekusomea na ya jela."

Chifu alikuwa ameandika barua ya warithi akawaacha binti zangu wawili kwa sababu wameolewa. Wakili alinirudisha kwa chifu mara moja, barua iandikwe upya na watoto wote. Halafu tukaenda hatua kwa hatua: ombi mahakamani, tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, hati ya usimamizi, kisha miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Aliniambia nisimlipe mtu yeyote kwenye vijia vya korti, hata akisema anaharakisha.

Kuna moja sikulipenda. Alinieleza kwamba kwa sheria ya wakati ule, mjane mwenye watoto alipewa haki ya kulitumia shamba maisha yake yote, si kuliuza apendavyo, na akiolewa tena haki hiyo inakoma. Nikamuuliza, na mwanamume aliyefiwa na mke akioa? Akasema swali hilo niwapelekee wabunge, kwa sababu yeye hana jibu la kunipa bila aibu.

Mstaafu, Kakamega

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Nasikia vijana wakisema mzee alikuwa kwenye maasi ya Lanet, ile kambi ya jeshi huko Nakuru. Hapana. Maasi yale yalikuwa Januari 1964, askari wa Kenya Rifles, uhuru haujamaliza miezi miwili, na ni wanajeshi wa Uingereza walioitwa kuyazima. Wiki ileile Tanganyika na Uganda nako kuliwaka. Mzee wakati huo alikuwa mtoto anachunga ng'ombe. Lanet alifika baadaye sana.

Mimi nilikuwa naye Namibia mwaka 1989, kikosi cha Kenya chini ya Umoja wa Mataifa. Novemba ile watu walipanga foleni jua kali, wanachagua wajumbe wa kuandika katiba yao. Usiku nilimkuta kwenye hema ananakili kanuni za uchaguzi kwa mkono, kwenye daftari la jumbe za redio. Nikamtania, unataka ubunge? Akasema anataka kujua nani ana ruhusa ya kumtoa mtu kwenye foleni.

Miaka ikapita nikasikia yuko Eldoret, kampasi ya Annex ya Chuo Kikuu cha Moi, anasoma sheria na watoto wa rika la wanawe. Walimwita baba. Mitihani walinakili kwake, hiyo msiandike kwenye kijitabu.

Wa Show Ground

Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tulipokimbilia uwanja wa maonyesho Nakuru, wengi tulitoka na nguo za mwilini tu. Vitambulisho viliungua, hati za mashamba, vyeti vya watoto vya shule. Huyu mzee alikuja na meza ya plastiki na mhuri wa kamishna wa viapo, yaani mwenye idhini ya kuapisha watu, akaketi kwenye vumbi akituandikia hati za viapo za kupotelewa na karatasi. Bure. Hakuuliza mtu kabila, lakini aliuliza nambari ya kitambulisho, na mwenye kuikumbuka kwa kichwa alimpongeza kama aliyefaulu mtihani. Kiapo changu ninacho hadi leo.

Mwanagenzi wake, sasa Kisumu

Mimi ni wa Gem. Siku ya kwanza ya uanagenzi akaniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu, akaweka kalamu chini. "Gem ya Argwings-Kodhek?" Ndiyo, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya, aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau wakati mawakili wengi walikwepa. Toka siku hiyo jina langu lilikuwa Gem, na kila nilipochelewa nilikumbushwa nimemwaibisha nani.

Maswali yake kortini yalikuwa mafupi mno. Shahidi mmoja aliapa kwamba alimtambua mshtakiwa usiku, kwa mbalamwezi, kutoka ng'ambo ya barabara. Nilitegemea mvua ya maswali. Mzee akauliza viatu vya mtu huyo vilikuwa vya rangi gani. Shahidi akamtazama mwendesha mashtaka. Mzee akasema, "Sina zaidi, Mheshimiwa," akaketi. Ukiandika swali lenye "na" katikati, alilikata kwa kalamu nyekundu.

Bondeni

Mniwie radhi, mimi yangu ni chungu. Ndugu yangu alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, nacho ndicho anachotumikia. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ilipoamua kwenye kesi ya Muruatetu kwamba hukumu ya lazima ya kifo ni kinyume cha Katiba, wafungwa wakaanza kurudi mahakamani wapangiwe vifungo upya. Mahakama kadhaa ziliwakubali hata wa wizi wa mabavu. Nilimwendea mzee. Akasema kesi ile ni ya mauaji, tungoje ufafanuzi, tusije tukajenga juu ya mchanga.

Ufafanuzi ukaja Julai 2021: ni kesi za mauaji pekee. Alisoma sheria sawasawa. Lakini waliokimbilia mahakamani kabla ya hapo, wengine walipunguziwa na wako nyumbani. Wangu yuko ndani. Ukitaka kijitabu cha kweli, weka na hii.

Karani wa zamani, Nakuru

Bondeni, nitaiweka kama ulivyoiandika. Ombi la nduguyo lilikuwa limeshachapwa, nililichapa mimi, likakaa kwenye trei likingoja sahihi yake. Baada ya uamuzi wa 2021 alilifungua faili lile mara nyingi. Kwenye daftari la zamu hakuandika kitu, na yeye aliandika kila kitu. Sina la kukupoza.

Mng'arisha viatu, karibu na korti

Hakuwahi kuniruhusu nimng'arishie. Aliniletea rangi ya viatu akanionyesha jinsi ya kuanzia kwenye kisigino. Alilipa hata hivyo.

Mteja, Rongai

Poleni nyote. Samahani kuingiza langu: hati yangu ya shamba ilikuwa kwenye sefu yake. Nani anazo sasa?

Karani wa zamani, Nakuru

Zote ziliorodheshwa na ziko kwa wakili aliyechukua ofisi, jengo lilelile. Njoo siku ya kazi kabla ya saa nne, ukiwa na kitambulisho na ile risiti ya njano. Ukituma mtu, mpe barua yenye sahihi yako.