Je, joto la Dar linaweza kumdumaza mtoto aliye tumboni?

Mama_Tarajali: Habari za jioni, wanajukwaa. Nina ujauzito wa wiki 30, na juzi kliniki muuguzi alipima kimo cha tumbo akapata sentimita 26, akanyamaza, kisha akapima tena. Ninaishi Tandale, chumba cha bati kisicho na dari, na mwezi huu wa pili hata usiku wa manane shuka hulowa jasho. Je, niende Lushoto kwa mama mkwe, kwenye baridi, hadi nijifungue?

Mzee_wa_Kigamboni: Pole, binti yangu. Mke wangu alizaa watano kabla hatujawa na feni, na kitindamimba ndiye anayenibebea magunia ya mkaa. Watoto wa siku hizi wanadumazwa na chipsi.

Nesi_Mstaafu: Mzee, joto si la kupuuzwa. Mwili unapojipoza hupeleka damu nyingi kwenye ngozi, na mama asipokunywa maji ya kutosha, damu inayofika kwenye kondo la nyuma hupungua. Hata hivyo, kwa wiki 30 kimo hutarajiwa kuwa kama sentimita 30, na nisingelibebesha joto peke yake hizo nne zinazopungua. Mama, malaria ulipimwa? Damu ni ngapi? Unakula nini?

Mama_Tarajali: Malaria sina. Damu ni 8.9, ingawa vidonge vya kuongeza damu ninameza kila siku. Chakula ninakula kama kawaida.

Msambaa_wa_Mjini: Kule La Paz, Bolivia, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, hewa haba huwafanya watoto wazaliwe wadogo. Lushoto ni mita 1,400 hivi, kwa hiyo usiogope mlima. Ogopa kona za Soni, njiani kwenda huko, ukiwa na tumbo la miezi saba.

Nesi_Mstaafu: "Kama kawaida" si jibu. Unakula udongo?

Mama_Tarajali: Pemba ninakula, sikatai, vipande vinne au vitano kwa siku, na huvifunga kwenye pindo la kanga. Nikivunja kimoja hunukia kama mvua ya kwanza, na kichefuchefu kinaisha. Mama alikula, bibi alikula. Ni kitu cha asili. Tena tiketi ya Jumamosi nimeshakata.

Nesi_Mstaafu: Sumu ya aseniki nayo ni ya asili, na imewahi kukutwa katika udongo wanaokula wajawazito kwenye machimbo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa. Udongo hunasa madini ya chuma tumboni, hivyo vidonge vyako vinaishia chooni. Na udongo huo ukiwa na madini ya risasi, nayo huvuka kondo hadi kwa mtoto.

Kijana_wa_Ilala: Samahani, lakini mwezi wa kumi na moja akaunti hii hii iliomba ushauri wa kununua bodaboda, ikijitambulisha kuwa mwanamume wa miaka 32. Leo ina mimba?

Mzee_wa_Kigamboni: Nilijua! Kumbe tunamlea mtoto wa hadithi.

Mama_Tarajali: Akaunti ni ya mume wangu, na simu tunayo moja. Bodaboda ilinunuliwa, ndiyo inayonipeleka kliniki.

Nesi_Mstaafu: Hata ikiwa hadithi, yupo anayesoma hapa akiwa na pemba mdomoni. Rudi kliniki kesho, uutaje udongo waziwazi, uombe ultrasaundi ya kupima ukuaji. Tiketi husogezwa mbele.

Mama_Tarajali: Nitakwenda kesho, ila safari ipo palepale. Udongo nimeuweka juu ya kabati.

Msambaa_wa_Mjini: Juu ya kabati, au ndani ya begi la safari?