Naomba ushauri: kukadiria maji ya mto Simiyu kwa GPS na picha za setilaiti

Wakuu, habari zenu. Niko Mwanza, naandika utafiti wa shahada kuhusu mto Simiyu, ule tunaouvuka Magu tukielekea Musoma. Nataka kujua ni mita ngapi za ujazo zinazoingia Ziwa Victoria kila sekunde wakati wa masika. Kifaa cha kupimia kasi ya maji sina.

Upana naupata kwenye picha za setilaiti ya Sentinel-2, ambazo kila chembe (pikseli) ni mita 10 ardhini. Mawingu yakifunga, yaani siku zile zile mto unapofurika, nahamia rada ya Sentinel-1. Mteremko wa uso wa maji nitaupima kwa GPS mbili za wapima ardhi, kisha niingize kwenye kanuni ya Manning, inayokadiria kasi ya maji kutokana na kina, mteremko na ukwaruzo wa sakafu ya mto.

Kinachonisumbua hasa ni kina. Setilaiti haioni sakafu ya mto, na mchanga huhama kila mafuriko, hivyo vipimo vya kiangazi huenda visifae Aprili. Halafu karibu na mdomo, ziwa likijaa huyazuia maji ya mto, mteremko unakuwa mdogo mno, na kosa la sentimita chache tu linaharibu hesabu yote.

Je, nipande juu zaidi, mbali na ziwa? Na SWOT, setilaiti ya kupima kimo cha uso wa maji iliyorushwa Desemba 2022 ikilenga mito yenye upana wa mita 100 na zaidi, itanifaa huku? Aliyewahi kuchagua namba ya ukwaruzo kwa mto wa mchanga, tafadhali anieleze alivyofanya.